Zulia Lililozidi Chumba

Zulia la Kiajemi halikunjwi. Linaviringishwa. Ukilikunja, nyuzi za ndani zinakatika pale pale penye mkunjo, na zikishakatika hakuna fundi wa kuziunga. Hili nalijua mie Mwanabaraka binti Shomari, kwa sababu nimesafisha mazulia miaka thelathini na moja nyumbani kwa Bi Munira, Upanga, na wala sikufundishwa kwa kitabu. Kusoma nilijifunza ukubwani, kisomo cha watu wazima, nikaacha nilipoweza kuandika jina langu na barua fupi. Haya naandika taratibu. Anayesoma naye asome taratibu.

Zulia ninalolisema lilikuwa la sebuleni. Bibi yake Bi Munira alikuja nalo toka Ajemi kabla ya vita vya Mjerumani. Jekundu, wekundu wa komamanga, na katikati lina ua kubwa la buluu. Kila Ijumaa tulilitoa uani, tukalilaza kifudifudi, nikalipiga mpaka vumbi likaisha, kisha nikapiga magoti na kulipangusa kwa kitambaa cha siki na maji. Magoti yangu yanalijua kuliko macho yangu.

Mwaka wa tisini na mbili Bi Munira akawa anahama. Mumewe alishafariki, wanawe wako Kanada, wakamwita. Siku zile kila mwenye pa kwenda alikwenda, na kila mwenye fedha mpya alikuwa anatafuta cha kununua. Wakaja watu kuangalia vyombo. Mmoja alikuwa bwana mwenye tumbo, anajenga Mbezi Beach, funguo za gari zinamlia mkononi. Akalikanyaga zulia kwa kiatu.

"Hili limekwisha, mama," akasema. "Mimi nina la Dubai, jipya, mguu unazama mpaka kwenye kifundo."

"La Dubai ukilichoma linanuka nini?" nikamuuliza.

"Nichome zulia langu?"

"Chomoa uzi mmoja tu. Ukinuka nywele, hiyo ni sufu, manyoya ya kondoo. Ukinuka ndoo ya plastiki, basi bwana, umetandika ndoo."

Bi Munira alicheka mpaka akajishika ubavu. Nikageuza pembe nikamwonyesha yule bwana mgongo wa zulia: vifundo, kimoja kimoja, vimefungwa kwa vidole vya mtu. Nikamwonyesha na matamvua, kwamba hayakushonewa, yametoka humo humo ndani. Akaangalia saa yake. Akanunua friji.

Alipoondoka Bi Munira akaniambia, "Mwanabaraka, lichukue wewe. Nakupa."

"Sitaki kupewa."

"Lakini unalipenda."

"Nalipenda, ndiyo maana sitaki kupewa. Vyote nilivyopewa humu ndani vilikuwa vimechoka. Magauni, masufuria, viatu vya wanao. Hiki nakinunua."

"Kwa fedha gani, we mwanamke?"

Asubuhi ile alikuwa amenipa bahasha, kiinua mgongo changu. Nikaitoa kifuani nikamwekea mezani, hata gundi haijabanduka. Akalia. Akasema tangu aolewe hajaona kichwa kigumu kama changu. Nikamwambia asilie, aniandikie karatasi kwamba nimenunua, na atie sahihi. Akaandika. Karatasi ninayo mpaka leo.

Fakihi, muuza mkaa wa mtaani kwetu Tandika, akalileta kwa gari lake. Nilitandika mashuka mawili chini kwanza, na njia nzima nikakaa nyuma nimelikumbatia. Watoto wakakimbia na gari wakiimba kwamba bibi ameleta maiti.

Sasa nyumba yangu ina vyumba vitatu. Kimoja changu, cha pili kinachofuata ni cha Adelina, na cha uani kinavuja, hakikaliki. Adelina alikuwa mpangaji wangu, binti wa Songea, fundi cherehani. Yeye Mkristo mie Mwislamu, na miaka sita hatukuwahi kugombana hata kwa ndoo ya maji. Nyumba zetu kuta hazifiki juu, kwa hiyo asubuhi kila mtu yuko kitandani kwake tunaongea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kumekucha?"

"Kumekucha. Ule mguu je?"

"Upo. Hauendi popote."

Mwanangu wa pekee yuko Maskati, barua yake ya mwisho imeshageuka njano. Aliyejua kama nimeamka au sikuamka alikuwa Adelina.

Tukaliviringua zulia, yeye upande mmoja mie upande mwingine. Likaenda, likaenda, likagonga ukuta, na bado limebaki gogo zima halijafunguka. Chumba changu futi kumi. Zulia futi kumi na tano. Miaka yote ile nimelipima kwa magoti, wala sikuwahi kukipima chumba changu.

Majirani wakaja na ushauri wao. Kunja, ingiza chini ya kitanda. Pandisha ukutani. Uza. Nikawafukuza wote. Wiki tatu nikaishi na lile gogo miguuni pa kitanda, usiku naliruka kwenda chooni.

Siku moja Adelina akaingia, utepe wa kupimia shingoni, uso unamng'aa.

"Bibi, nimepata dawa yake."

"Sema."

"Nalikata. Nitalipinda pindo zuri, hata ua halitaguswa. Kipande chako kinakaa huku, na kile kinachobaki nakitandika kwangu. Ukuta upo katikati lakini sie tunakanyaga zulia moja."

Leo nayakumbuka maneno yale kwa namna nyingine. Siku ile niliyasikia kama matusi. Nilimwona na mkasi kabla hajaushika.

"Ulikuwa unakitaka kipande tangu siku ya kwanza," nikamwambia.

"Mie, bibi?"

"Wewe. Mtu halali jirani na kitu kizuri asikitamani."

"Bibi, hilo zulia ni zee, na mie nakusaidia tu."

Angesema lolote, lakini asiseme zee. Nikamjibu, "Mwisho wa mwezi nakitaka chumba changu."

"Unatania."

"Mie na wewe tulianza lini utani?"

Siku zilikuwa zimebaki kumi na mbili. Siku zote zile alinipikia chai kama kawaida, ananiwekea mlangoni, ananiangalia. Alikuwa ananipa nafasi. Mie mdomo wangu ukishatoa neno hauli matapishi yake, ndivyo nilivyolelewa, na wala sikuwa na haya. Asubuhi akinisalimia juu ya ukuta niliitikia marahaba peke yake, sikuongeza.

Siku ya kuondoka akapakia cherehani kwenye gari la Fakihi, anakwenda Kibamba kwa dada yake. Akasimama kizingitini.

"Bibi, ukiumwa nani atajua?"

"Mungu atajua."

"Mungu hachemshi uji," akasema. Akapanda gari.

Gaspar mwashi alibomoa ukuta nusu siku tu. Ulikuwa udongo na fito, haukubisha. Nikafagia, nikamwaga maji, nikangoja sakafu ikauke siku mbili. Nikaliviringua mwenyewe kwa magoti, mpaka mwisho, na likalala. Lote. Hakuna mkunjo. Ua la buluu likaangukia mahali ukuta uliposimama. Nikaketi kwenye kigoda nikalitazama mpaka adhana ya magharibi, na sisemi uongo, nilifurahi. Nyumba ile ya Upanga haikuwa na kitu nilichokitamani tena.

Wiki ya kwanza walikuja watu. Wanavua viatu nje, wanachungulia, wanasema mashallah. Hawaingii. Nikiwaambia ingieni wanasema miguu yao ina vumbi, na kweli ina vumbi, nami uso wangu nadhani walikuwa wanausoma. Wiki ya pili wakaja wachache. Wiki ya tatu kashata zangu, ndiyo riziki yangu tangu nitoke Upanga, nikawa nauzia barazani, na mteja akishapewa anakwenda zake.

Adelina alikuja baada ya Idi, amevaa gauni jipya, na kaniletea kilo ya sukari. Akavua viatu, akaingia bila kuulizwa, akakaa katikati ya zulia na kunyoosha miguu. Ni yeye peke yake aliyewahi kukaa pale.

"Kumbe ndivyo lilivyo," akasema, analipapasa. "Bibi, nilikosea. Hili lisingekatwa."

"Nilikwambia."

"Unalala upande upi?"

"Kule kule kwangu."

"Na huku?"

"Huku kuna zulia."

Akacheka, halafu akaacha. Akauliza habari za mguu, nikamwambia upo. Akaniambia Kibamba kuna mashamba mpaka mlangoni, lakini wateja ameshaanza kuwapata, sare za shule. Kisha akashika tamvua moja, akawa analichezea.

"Zile siku kumi na mbili, bibi, nilikuwa nangoja useme neno."

"Neno gani?"

"Lolote. Hata sasa."

Nilikuwa nalo. Chumba cha uani kinavuja, lakini bati moja tu lingetosha, ningemwita Gaspar kesho yake. Lilifika mpaka kwenye ulimi.

"Chai inapoa," nikasema.

Akanywa, akavaa viatu, akaondoka kabla ya alasiri awahi gari. Hajaja tena, na simlaumu.

Mvua za masika zilipokwisha nikaona kidoa cha upara kwenye zulia, upande alikolala Adelina. Nikainama. Nondo, wale vipepeo wa usiku. Wametaga ndani ya sufu na viwavi wao wanakula taratibu. Upanga hatukuwahi kuwaona, nikajiuliza kwa nini, mpaka nikakumbuka: nyumba ile ilikuwa na watu kumi na wanne, na wageni, na watoto wanabiringishana pale chini toka asubuhi. Nondo hapendi miguu. Zulia linalokanyagwa linaishi. Linalotazamwa tu linaliwa.

Basi sasa nalikanyaga. Nikishaswali alfajiri nakanyaga kwa miguu mitupu kutoka kitandani mpaka ukuta wa mbali, narudi, nahamisha mguu kidogo, nakwenda tena, mpaka pasibaki pasipoguswa. Alasiri narudia. Mguu ukiuma nashika fimbo. Juzi jirani yangu Chausiku alikuwa amesimama dirishani ananitazama, sijui kwa muda gani.

"Bi Mwanabaraka," akaniita, "unazunguka humo ndani unatafuta nini?"

"Nafanya kazi," nikamjibu. "Huoni?"

Nikageuka nikaendelea.