Keki Iliyongoja Jibu

Gulizar akikupima suruali, jiandae kusikiliza. Duka letu la ushonaji hapa Bremen ni dogo, ila maneno yake hulijaza na mengine kumwagika barabarani. Huku anakuchomekea pini kiunoni, anakueleza kwamba Kijerumani na Kikurdi ni ndugu waliopotezana zamani.

"We sikiliza. Nyota kwetu *stêr*, kwao *Stern*. Jina kwetu *nav*, kwao *Name*. Huo si undugu? Na wote wawili wana mchezo wa kukuwekea tendo mwisho. Mtu anakusimulia habari za bibi yake, unangoja, unangoja, hujui bibi kafa au kanunua baiskeli!"

Mteja akibisha, pini inazama kidogo zaidi.

Ila undugu si kufanana, anasema. Mjerumani akikataa chai, kakataa, rudisha birika. Mkurdi akikataa chai, mimina.

Kwa kuwa lugha zote mbili zimemkaa, mtaa mzima humbeba akawatafsirie kwa madaktari na maofisini. Na msimamo wake ni mmoja: haongezi neno, hapunguzi neno. Bibi mmoja aliyefiwa na dada yake alimwambia daktari ini lake limeungua. Kwetu kila mtu anajua huo ni uchungu wa msiba. Gulizar akalifikisha neno lilivyo, na bibi wa watu akalazwa kitandani, akapimwa ini.

"Lilikuwa zima," alituambia aliporudi, wala hakuona haya.

Basi, Rojhat. Huyu ni mtoto wa marehemu dada yake, aliyemlea mwenyewe tangu akiwa mchanga. Kijana akampenda Wiebke, binti wa fundi wa mapaa huko karibu na Oldenburg. Mzee Seydo, baba mkubwa wa Gulizar, akatoa tamko: posa iende kwa heshima zote, la sivyo yeye hayumo. Na asipokuwemo yeye, hakuna wa ukoo atakayekanyaga harusini.

"Mama, hii ikiharibika mimi nimekwisha," Rojhat alimwambia.

"Nyamaza, kachane nywele."

Alisema hivyo kwa ukali, lakini siku hiyo alishona mfuko wa koti la mteja ukazibika kabisa. Nilicheka mpaka akanitupia futi.

Jumapili mchana tukaenda, mimi ndiye dereva. Bi Antje, mama wa Wiebke, alikuwa ameoka keki ya matufaha, kubwa, bado ya moto, na kahawa ameshaimimina. Tukakaa. Hakuna aliyegusa kitu. Ndiyo desturi yetu: wanaoposa hawaonji chochote mpaka baba wa binti aseme amemtoa binti yake. Bi Antje alitutazama, akaitazama keki yake, uso ukamshuka.

"Hawapendi matufaha?" alimnong'oneza mumewe.

Mzee Seydo akaanza. Alisifu mvua, akasifu nyumba, akawarehemu wafu wa pande zote mbili, akazungukia ng'ombe wa babu yake, ndipo akafika kwa binti. Gulizar alitafsiri vyote, na ng'ombe wakiwemo. Bwana Heiko alisikiliza kwa adabu, kisha akakuna kidevu.

"Mimi simtoi," alisema. "Si mali yangu. Muulizeni mwenyewe."

Rojhat, ambaye Kijerumani ndicho alichosomea, akafumba macho.

"Kasemaje?" Mzee Seydo akauliza.

Jamani, nilijua tumekwisha. Neno lile, likifika lilivyo kwenye sikio la mzee, ni mlango umefungwa usoni. Kwetu binti haulizwi mbele ya wageni. Na huyu Gulizar wetu ndiye yule asiyepunguza neno!

Macho yalimjaa machozi Gulizar. Akamgeukia Wiebke, akamuuliza kwa Kijerumani, taratibu, "Unamtaka?"

"Ndiyo," Wiebke akasema, mwekundu mpaka masikioni. "Sana."

Gulizar akashika uma, akamega kipande cha keki, akakitia kinywani.

Mzee Seydo alipomwona anatafuna, akajua jibu limepatikana. "Alhamdulillahi!" akasema, akainyanyua kahawa. Bi Antje akashusha pumzi na kuanza kutugawia vipande vikubwa kama matofali. Rojhat alimkumbatia kila mtu, hata mbwa. Mimi nililia na keki mdomoni, na sioni aibu kusema.

Tukiwa njiani kurudi, mzee ameshiba, akamwinamia Gulizar.

"Mwanangu, yule bwana alisema nini hasa?"

Gulizar hakuficha. "Alisema yeye hatoi, baba. Alisema aulizwe binti."

Nikakaza mikono kwenye usukani nikingoja radi. Tulipovuka daraja ndipo mzee akamgeukia tena.

"Yusiv alipokuposa, wewe hatukukuuliza," akasema. "Mimi mwenyewe nilikuwepo, nikainywa ile kahawa."

"Nilikuwa jikoni. Nilivisikia vikombe."

"Na tungekuuliza?"

"Ningesema ndiyo. Yusiv nilimtaka." Gulizar alikuwa anatazama nje, dirishani. "Ila si mngeniuliza tu, baba. Si mngeniuliza."