Droo za Jumapili

Sijui kukaa. Hata siku ile Wandegeya, Kampala, katika ukumbi ulio juu ya maduka ya uchapaji, nilikuwa nasogeza kete na kuinuka, nazunguka meza za watu, narudi, nainuka tena. "Kiti iko na pilipili?" Afande akaniuliza, na watu wakacheka.

Afande ni polisi mstaafu, jirani yetu katika kambi ya polisi ya Ntinda, na ndiye aliyenifundisha chesi nikiwa na miaka saba. Siku hiyo tulikuwa tukigombea nafasi ya mwisho katika timu ya klabu. Alinitangulia kwa nusu pointi: droo ingemtosha, mimi nilihitaji kushinda. Tena nilipangiwa kete nyeusi, zinazoanza baada ya nyeupe. Nilichukia kila kitu, hata feni.

Alipompeleka askofu wake kumbana farasi wangu, nilijibu kwa ule ulinzi wa kizamani alionifunza mwenyewe: mtoe askofu wako mapema, mwelekeze upande wa mfalme wa mwenzio, usimwache alale nyumbani. Alitabasamu. Saa mbili baadaye hakuwa akitabasamu tena. Askari wangu mmoja alikuwa amebakiza hatua mbili ageuke malkia, kete yenye nguvu kuliko zote.

Ndipo akanyoosha mkono juu ya ubao.

"Droo, mtoto yangu?"

Kila Jumapili, barazani kwake, mchezo wetu uliisha hivyo. Chai ikifika ananyoosha mkono, naupokea, basi. Kwetu mkono wa mzee hauachwi hewani. Nilimkasirikia kwa kuunyoosha, kisha nikajikasirikia mwenyewe kwa kumkasirikia.

"Hapana, Afande. Tuendelee."

Mkono ulibaki pale kidogo, halafu akaurudisha, akajifanya anakuna kidevu. Hatua nane baadaye alimlaza mfalme wake ubaoni, kukubali kwamba ameshindwa. Nilitaka kupiga kelele za furaha, na papo hapo nilitaka kujificha chini ya meza. Miguu iliyonisumbua mchana kutwa sasa ilikataa kuinuka.

Hakuwa na hasira. Alirudisha kete mbili tatu mahali zilipokuwa aliponiomba droo, akazitazama. Kisha akauliza polepole:

"Sasa zile droo zetu zote za Sande, ulikuwa unanionea huruma?"

Nyingi, ndiyo. Si zote. Kabla sijapata uongo wa haraka, Afande alikuwa ameanza kuzipanga kete upya.