Niliwaambia wachague, theluji ya winter au theme park ya kiangazi, nikijua hawataelewana

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo, wenye feni na wenye kiyoyozi.

Naanza na ujinga wangu mwenyewe ili baadaye asinisute mtu. Niliiambia familia yangu ichague kitu kimoja: likizo ya baridi tukaone theluji, au likizo ya kiangazi twende theme park. Nilisema kwa sauti ya baba anayejali. Ukweli ni kwamba nilijua hawataelewana hata siku moja, na wao wakiwa bado wanabishana mimi leave yangu nitaimaliza nimelala kwenye kochi.

Yote haya yametokea. Ningekuwa natunga, ningejipa sehemu yenye heshima kidogo.

Kwa wasionijua: mimi ni mtu wa Tanga, form four basi, nipo Dubai miaka kadhaa sasa. Nafanya kazi kwenye ghala moja kule Airport Freezone, upande wa cold room. Yaani nje jua linakaanga watu, mimi ndani nimevaa jaketi kama dubu napanga maboksi ya dawa na maua. Kwa hiyo mtu akiniambia tusafiri kwenda kutafuta baridi kwa ajili ya starehe, namwangalia tu.

Na anayeniambia twende tukapange foleni siku nzima, naye namwangalia tu.

Starehe yangu ni kochi. Tulilinunua kwa Mhindi mmoja aliyekuwa anarudi kwao, la kahawia, na sasa lina bonde lenye umbo langu kabisa. Hata nisipokuwepo wageni hawakai pale. Wanaona kama nipo.

Tunaishi Al Baraha, jengo la zamani. Mimi, mama watoto, binti yetu Rehema ambaye anajiona mkubwa, na Idi wa miaka saba. Jirani yetu ni Mama Salwa, mama wa Kimombasa, fundi wa kushona abaya, anaishi peke yake tangu binti yake aolewe. Flat yetu na yake zamani ilikuwa moja, mwenye jengo akaikata katikati kwa ubao wa jipsamu. AC ikabaki moja ya wote, na rimoti iko kwetu.

Hilo la rimoti mliweke akilini.

Sasa mwezi wa kumi supervisor akanifuata. "Leave yako ni Januari au Julai? Moja tu. Yalla, nipe jibu mwezi huu huu." Ndipo nikaenda nyumbani nikatoa lile tangazo langu.

Mama watoto akachagua winter. Rafiki yake mmoja alikwenda na agent wa safari wa kule Deira kwenye nchi moja ya milima, akarusha status amesimama kwenye theluji hadi magotini. Mama watoto si mtu wa kuomba omba. Alisema mara moja tu, akiwa anakunja nguo: "Nimetoka jua la Tanga nikaja jua la Dubai. Nataka nishike theluji kwa mkono wangu, basi, nirudi nipike."

Rehema akawa upande wake, kwa sababu ya picha.

Idi yeye ni theme park, ile ya ndani yenye treni ya joka. Darasa lao liliwahi kwenda. Mlangoni kwa joka kuna nguzo yenye mstari, ukiwa chini ya mstari huingii. Idi alikuwa chini. Wenzake wakapanda, yeye akashikishwa mabegi yao.

Tangu siku hiyo kila asubuhi ananing'inia kwenye fremu ya mlango ili arefuke. Anajipima na friji. "Januari nitakuwa bado, Baba. Julai nitakuwa nimefika." Aliongea kama mkandarasi.

Basi wakabishana wiki nzima, nami kochini moyo mweupe. Tatizo nikaanza kuona dalili za amani. Rehema alianza kuulizia kama kwenye theme park nako kuna sehemu nzuri za picha. Nikaona hapa nitaburuzwa.

Nikaja na wazo ambalo hadi leo sielewi lilipitaje kichwani. Nikasema tufanye majaribio hapa hapa nyumbani. Jumapili moja tuonje winter, Jumapili inayofuata tuonje theme park. Mpango wangu ulikuwa wachukie yote mawili.

Jumapili ya winter nikashusha AC hadi kumi na sita, mwisho wa rimoti. Nikaazima majaketi ya cold room yaliyokuwa yanasubiri kufuliwa. Nikapiga marufuku mtu kutoka nje.

Nikasubiri malalamiko.

Mama watoto akachemsha chai ya tangawizi. Watoto wakavaa yale majaketi, mikono inaburuza chini, wanacheka. Kisha wakagundua barafu iliyoganda kwenye friza, wakaikwangua kwa kijiko, wakaanza kurushiana sebuleni. Mama watoto akaomba apewe kidogo. Akaishika kiganjani, akafumba macho hadi ikayeyuka ikamtiririka kwenye mkono.

Pale ningekuwa na akili ningeacha. Sikuacha.

Rehema akampiga mama yake picha, friji wazi nyuma yake, akairusha status. Haikupita muda simu za Tanga zikaanza. Mjomba anatupongeza kwa kufika Ulaya. Shangazi anauliza kama huko tulikofika tumepata msikiti. Wakati huo tumefika jikoni.

Mara mlango ukagongwa. Mama Salwa, amejifunika blanketi hadi puani.

"Baba Rehema, mwaweka maiti humu ndani? Natetemeka mpaka mshono wangu wenda kombo!"

"Tuko winter, Mama Salwa."

"Winter ya nani? Na mimi nani kanikatia tiketi?"

Akachungulia ndani, akaona chai na watu wanacheka. Akaingia, akapokea kikombe, akaenda moja kwa moja kukaa kwenye bonde langu. Mimi nikakaa kwenye ndoo. Jioni aliyekuwa na mafua nyumba nzima ni mmoja, mimi, mfanyakazi wa cold room.

Nikasema sawa, theme park itawamaliza.

Jumapili ya pili nikazima AC. Mama Salwa akagonga ubao wa jipsamu: "Leo mwaenda wapi? Semeni mapema nijue nivae nini!"

Nikaazima mkokoteni wa Khan, hamali mmoja tunayefahamiana, anasukuma mizigo ya maduka ya Deira. Nikawaambia wanangu kuwa theme park ni foleni, wajipange kwenye ngazi na joto hilo hilo. Ukifika mbele unapanda mkokoteni, nakusukuma raundi moja kule parking ya chini ya jengo, unashuka, unarudi mwisho wa foleni. Nilitaka foleni iwakere.

Wakuu, watoto wa jengo zima walishuka. Wafilipino, Wapakistani, Wasudani, wengine sijui walitoka jengo gani. Foleni ikapanda ngazi. Rehema akawa mpiga picha. Idi akajipa kazi ya mlangoni, akachora mstari wa chaki kwenye nguzo, sawasawa na utosi wake, haupungui hauzidi. Kitoto kimoja kikaja kikawa chini ya mstari. Idi akakipiga bega kwa upole: "Rudi Julai."

Nilisukuma hadi nikapoteza hesabu ya raundi. Natoor, yaani mlinzi wa jengo, akaja mbio na fimbo yake anafoka nani karuhusu. Akaiangalia ile foleni. Akauliza wa mwisho ni nani. Akajipanga nyuma yake.

Nikamwona Khan anakuja kuchukua mkokoteni wake, nikashukuru Mungu. Nikamwambia ndugu yangu, niokoe, sukuma kidogo nipumzike. Khan akapanda, akakaa, akanyoosha miguu. "Khalas, leo mimi off. Kila siku nasukuma hii. Leo sukuma wewe."

Nikasukuma.

Usiku ule nimejitupa kochini siwezi hata kushika rimoti, wakaja wote watatu wakasimama mbele yangu. Wamekwisha kubaliana. Mama watoto ndiye msemaji.

"Tunakwenda theme park, Julai. Theluji haipimwi urefu, inaweza kunisubiri. Mtoto hawezi kushika mabegi ya watu mara mbili."

Nikakohoa.

"Na wewe baki," akaendelea. "Jumapili mbili umehangaika usije ukatolewa hapo. Tumekuonea huruma. Tutakwenda na Mama Salwa, wewe leave yako lala."

Alijua tangu mwanzo! Na mimi, badala ya kuona aibu, nilijihisi mshindi. Kesho yake nikamwambia supervisor Julai, tena kwa tabasamu.

Julai ikafika. Siku yenyewe wakatoka asubuhi, Idi kachana nywele zote zimesimama juu, kapakwa jeli na dada yake. Usafi gani ule? Mbinu tupu. Mama Salwa kavaa viatu vya michezo chini ya abaya. Mlango ukafungwa.

Nikawasha AC namba ninayoipenda. Nikavaa kikoi, nikaweka chai pembeni, TV naangalia mechi ambayo matokeo nayajua. Kila nilichokipigania nilikuwa nacho.

Usingizi haukuja. Hata lile bonde nalo halikuwa lile, nadhani Mama Salwa alishalipanua. Nikahamia upande wa pili. Nikarudi. Nyumba kimya hadi nasikia friji inavyonguruma, na kwenye ubavu wa friji nikaona alama za penseli za Idi, zinapanda, zinapanda. Sikuwahi kuziangalia kwa karibu. Nyingine zimepandana, siku moja kajipima mara nyingi kweli kweli.

Simu ikaita, video. Idi, nyuma yake nguzo.

Kumbe mistari ni miwili. Wa juu unapanda mwenyewe. Wa chini unapanda na mtu mzima wako. Idi kafika wa chini, na mhudumu hakuhesabu jeli. Mama yake kajaribu, kasogea hadi kwenye kiti cha joka, miguu ikagoma, akarudi. Mama Salwa ana presha. Rehema si mtu mzima, ingawa hilo usimwambie.

Sikuona chozi. Akaniuliza tu:

"Baba, una kazi?"

Nikaliangalia kochi.

Nilitoka mbio. Kwenye teksi ndipo nikagundua nimevaa kikoi, ndala, na jaketi la cold room, maana mkono wangu ukifika mlangoni unachukua jaketi wenyewe kwa mazoea. Nje joto la Julai la Dubai. Dereva akapunguza baridi ya AC kwa huruma, akadhani naumwa.

Mama watoto alikuwa ananisubiri getini, tiketi mkononi.

"Ulisema nibaki," nikamwambia.

"Nilisema ubaki. Nilisema sikukatii tiketi?" Akanitazama kuanzia ndala hadi kola. "Na theluji iko wapi, bwana?"

Nikapanga foleni na mwanangu, watu wanatupisha, nadhani kwa sababu ya jaketi. Tukafungwa mikanda. Mashine ikatikisika, mimi nikafumba macho, nikapiga kelele nikimwita mama yangu kwa Kidigo, lugha ambayo wanangu hawajawahi kunisikia nikiiongea. Nikahisi kimkono kinanipapasa goti.

"Baba, bado haijaanza."

Ilipoanza sitasimulia. Niseme tu tulishuka, Idi akanishika mkono tukarudi mwisho wa foleni. Tukapanda tena. Halafu tena. Mara ya mwisho nilifungua jicho moja.

Nilichojifunza ni kwamba usiwape watu wako wachague ukitegemea watagombana. Wataelewana, na watakapoelewana utajikuta umeachwa nje ya maelewano yao, na wewe ndiye uliyeitisha mkutano.

Mwezi wa kumi huo unakaribia, na supervisor ataniuliza tena. Safari hii nishajibu kimoyomoyo: Januari. Mama watoto bado hajui, ila kuna jaketi moja la cold room halijarudi ghalani na namwona analivaa sebuleni akidhani nimelala. Wakuu mliowahi kufika kwenye theluji, nipeni mwongozo hapa chini, mtu anavaa nini miguuni? Na mnaotaka kunicheka, foleni ianzie kwenye ngazi.

Ila hamtamfikia Mama Salwa. Usiku ule tuliporudi, tumesimama kwenye korido, Idi kanisinzilia begani, nikajitetea kuwa mnisamehe jamani, mimi kwa asili ni mtu wa nyumbani. Akavua kiatu kimoja, akakishika mkononi, akanijibu hivi, neno kwa neno:

"Mtu wa nyumbani hukaa na watu wa nyumbani. Wewe, Baba Rehema, ni fanicha. Na leo aliyekusogeza ni mtoto wa miaka saba."