Ukuta wa Hajati Inayat

Mitwalli Abu Shanab alimwamini Mungu, akamwamini mkewe Inayat kwa kiasi, na akamwamini nyati wa maziwa wa mkewe kwa kuwa nyati hana simu wala cheo. Waliobaki wote, kuanzia waziri mpaka muuza bilingani, aliwatazama kwa jicho la pembeni.

Wala msimcheke upesi. Alisoma mita za umeme miaka thelathini na mbili, hapa kwetu Kom Zahab na katika vijiji vinne vya ng'ambo ya mfereji. Kwa kutazama tarakimu tu alijua nani kanunua friji anawaficha shemeji zake, na nani kaoa mke wa pili mtaa wa juu. Hakumwambia mtu. Aliandika daftarini, daftari likaenda ofisini, na huko ofisini lilisomwa na nani, yeye hakuambiwa. Kama mnataka kujua mambo yalianzia wapi, yalianzia hapo. Baadaye zikaja mita za kadi zinazojisoma zenyewe, akapewa cheti chenye fremu, akaambiwa akapumzike.

Hakupumzika. Alihamia kahawani kwa Zanati, akashika kiti cha mwisho, mgongo ukutani, akawa anatoa maoni kwa sauti ya chini hata watu wakalazimika kumwinamia.

"Kodi ni kama nzi," alisema. "Ukimwona mmoja sebuleni, jua wenziwe wako jikoni."

"Na kompyuta je, ami?"

"Kompyuta ndiyo jikoni yenyewe."

Kuhusu siasa hakuna aliyepata kumnasa. Kila uchaguzi alienda kupiga kura, akarudi na kidole chenye wino. Zanati akimuuliza kampigia nani, alijibu, "Nimempigia aliyeshinda." Na masanduku yalikuwa bado hayajafunguliwa.

Mwanawe Wagdi, aliyeko Kuwait, alimletea simu kubwa ya kioo. Siku moja Mitwalli akalalamika mbele ya simu hiyo kwamba magoti yanamuuma. Kesho yake simu ikamwonyesha tangazo la mafuta ya magoti. Tangu hapo, yakija mazungumzo ya maana, simu ilifungiwa ndani ya pipa la unga. Inayat aliitoa ikiwa nyeupe pe.

"Baba Wagdi, mwanao kapiga mara nne. Unga umempokea vizuri sana."

"Heri unga. Unga haupeleki maneno."

Haya yote yalikuwa maoni, na maoni hayamuumizi mtu. Lakini Mitwalli alikuwa amejenga nyumba kwa maoni yake. Ghorofa mbili za matofali mekundu, miaka thelathini na moja bila plasta, nondo zimechomoza juu ya paa zikingoja ghorofa ya tatu ambayo hakuna aliyekusudia kuijenga. Marehemu baba yake alimwusia kwamba nyumba isiyoisha haina kodi. Nusu ya mtaa wetu waliamini hivyo hivyo, ila wao kuamini kwao kulikuwa na mpaka. Mtu akienda Hija, ukuta wa mbele hupigwa plasta na chokaa, mchoraji akachora Kaaba na ndege ya abiria, likaandikwa jina na mwaka, ili mwenye Hija akishuka garini akute nyumba yake inamtangaza. Kodi ikija, na ije. Hakuna mtu wa Kom Zahab aliyewahi kumpokea haji kwa matofali matupu.

Jina la Inayat lilitoka katika kura ya Hija mwaka wa sita wa kuomba. Alilia, akamuuza nyati wake, akalia tena. Mitwalli mwenyewe hakuwahi kuomba, maana fomu inataka alama za vidole vyote kumi. "Kimoja wanacho tayari," alisema. "Tisa hivi vilivyobaki ni vyangu."

Asubuhi ya kuondoka, mbele ya kaka yake Fathallah, Inayat alimshika mumewe mkono.

"Sikukuomba dhahabu, Baba Wagdi. Sikukuomba unipeleke Kuwait kwa mwanangu. Sasa naomba ukuta."

"Utaukuta mweupe," alisema Mitwalli.

Na alikusudia. Mimi namjua, nasema alikusudia. Basi la mahujaji halijafika barabara kuu, yeye alishaagiza saruji na mchanga uliochekechwa. Fundi akapiga plasta siku tatu, wakapaka chokaa, nyumba ikang'aa mpaka majirani wakaja kuigusa. Inayat alipiga simu kutoka Mina, nyuma yake mahema meupe hayana mwisho.

"Nionyeshe ukuta, nauota huku."

"Utauona kwa macho yako. Picha ikipita hewani, inapita mikononi mwa nani?"

"Haya, usinionyeshe. Ghattas kaanza?"

"Anaanza kesho na ndege."

"Akipake rangi ya kijani hicho kijimstari cha ubavuni mwa ndege," Inayat akasema, akacheka. Miaka mingi mumewe hakuwa amemsikia akicheka hivyo, na ilimfurahisha kuliko alivyotaka kukubali.

Ghattas ni Mkristo, na ndiye mchoraji wa Hija wa vijiji vyote vya hapa. Babake pia alikuwa ndiye. Alikuwa juu ya ngazi anamaliza mkia wa ndege pale kijana mmoja na binti mmoja walipoingia mtaani wakiwa na kishikwambi, wanapiga picha kila nyumba na kubandika namba mlangoni. Machale yakamcheza Mitwalli. Alisimama mbele ya mlango wake, mikono nyuma.

"Salamu alaykum, ami," alisema binti. "Unaishi hapa mwenyewe?"

"Kuishi? Napitapita tu."

"Nyumba imeisha?"

"Haijaisha."

Kijana aliutazama ukuta. "Mbona imepigwa plasta, mzee?"

"Hiyo si plasta. Ni dawa ya chumvi. Udongo wetu una chumvi sana."

Juu ya ngazi Ghattas alijifanya anakohoa. Binti akatabasamu, akafunga kishikwambi chake. "Ami, usiwe na wasiwasi. Nyumba ya kuishi mwenyewe, ya kadiri hii, haina kodi hata ikiwa na plasta, hata ikiwa na marumaru. Paka utakavyo. Na hongera kwa Hajati, Mungu amrudishe salama."

Wakaondoka. Mtu mwingine angechinja jogoo. Mitwalli alibaki amesimama pale pale, jasho linamtoka.

"Umesikia, Ghattas?"

"Nimesikia. Hakuna kodi. Sasa nipe lile kopo la kijani."

"Lini umesikia mtu wa serikali anakuja mlangoni kwako kukwambia hakuna kodi? Anatoka mjini, anapanda gari, kwa jua hili, kuja kukwambia hudaiwi?"

"Binti ana adabu tu, ami."

"Hicho ni kilemba cha ukoka! Nami nikivae? Na kuhusu Hajati, wamejuaje?"

Ghattas alielekeza brashi kwenye ukuta. "Ami. Ndege hii hapa."

"Ndege inaweza kuwa ndege yoyote."

"Inaelekea Kaaba."

"Hujachora Kaaba bado!"

Na ilikuwa kweli.

Mchana wote Mitwalli alikwenda na kurudi kati ya mlango na kahawa. Aliwauliza wenzake mmoja mmoja wale wawili waliwaambia nini, na kila mtu aliambiwa vile vile: hakuna kodi, paka utakavyo. Basi hilo ndilo lililomtia hofu kuliko yote. Wote kuambiwa neno moja! Kama si njama ni nini? Zanati alimwambia, "Bwana wee, huenda neno ni moja kwa sababu ndiyo kweli." Mitwalli alimtazama kama mtu aliyenunuliwa. Akawaza: nimesoma mita miaka thelathini na mbili, na kila nyumba niliyoingia niliwaambia, msijali, naangalia tu.

Alasiri alichukua nyundo na tindo, akapanda ngazi ya Ghattas.

Najua mnasema mtu hawezi kufanya hivyo. Mtaa mzima ulisimama ukamtazama akifanya. Plasta ilianguka mapande kwa mapande, chokaa ikamjaa kwenye masharubu, na Ghattas chini anasema kwa upole, "Ami, ndege hiyo nimeichora leo asubuhi. Ami, acha basi hata bawa." Fathallah, kaka wa Inayat, alikuja mbio, akamshika mguu.

"Wewe una wazimu? Dada yangu anarudi keshokutwa!"

"Namlinda dadako. Wakija na karatasi yao watakuta nyumba haijaisha. Mwaka ujao, vumbi likitulia, nitampigia plasta."

"Hija ya mwaka huu umpigie plasta mwaka ujao?"

Mitwalli akagonga tindo tena. Jioni Inayat alipiga simu kutoka Jedda. "Ndege imechorwa?" aliuliza. "Imechorwa," akasema Mitwalli, na hakusema uongo.

Basi dogo lilifika baada ya sala ya adhuhuri, limefungwa matawi ya mtende na vitambaa vyeupe, ngoma zinapigwa, wanawake wanapiga vigelegele. Wakashushwa mahujaji wawili wa mwanzo wa mtaa, kila mmoja mbele ya ukuta wake. Wa tatu alikuwa Inayat. Alishuka na nguo nyeupe na dumu la maji ya Zamzam, uso umeungua na jua, anatabasamu tayari. Vigelegele vilikatika kimoja kimoja. Mbele yake kulikuwa na matofali yenye majeraha ya tindo, na pembeni juu, mkia wa ndege uliosahauliwa.

Aliutazama ukuta, akamgeukia mumewe.

"Nani kakukataza?" aliuliza.

"Walikuja watu wa namba."

"Wakasema kuna kodi?"

"Wakasema hakuna."

"Hakuna?"

"Ndiyo, Hajati. Ndiyo maana nikabomoa."

Inayat alicheka mara moja tu, kicheko kifupi kibaya, kisha machozi yakamtoka mbele ya watu. Akampa Fathallah dumu la maji, akamfuata nyumbani kwake, nyumba tatu mbele. Ngoma zikamsindikiza kwa kuwa wapigaji hawakujua wafanye nini.

Fathallah aliahidi siku hiyo hiyo kumwandika kwenye ukuta wake. Inayat alikataa. "Mimi sikuhiji kutoka nyumba ya kaka," alisema. "Nina nyumba yangu." Akakaa huko siku tisa, akiwapokea wageni kwenye kiti cha kuazima.

Siku hizo tisa zilimla Mitwalli. Alikula mkate mkavu na jibini, akajibishana na redio. Alimpenda mkewe, watu wenye shaka nao hupenda, ila hawajui kukaa nalo pendo bila kulipekua. Siku ya kumi akamwita Ghattas, akafunga madirisha yote, akawasha taa saa nne asubuhi, akamwonyesha ukuta wa sebuleni aliokuwa ameupiga plasta kwa mikono yake mwenyewe.

"Hapa. Kila kitu. Kaaba, ndege, mahema ya Mina, hua wa Makka. Usibanie rangi."

Ghattas aliangalia madirisha, akaangalia ukuta. "Nimechora Hija zaidi ya mia, ami. Hii ya kwanza kuchorwa imefungiwa."

"Chora."

Akachora siku nne, na wallahi hakuwahi kuchora vizuri kama alivyochora humo. Ndege ilikuwa na kijimstari cha kijani. Watu wa mahemani walikuwa na nyuso, kila mmoja wake. Juu, kwa dhahabu, jina: Hajati Inayat bint Sayyid, na mwaka.

Mitwalli alikwenda kwa Fathallah amevaa kanzu safi, akasimama uani. "Hajati, njoo uone kitu. Ukitaka kurudi huku, utarudi, sikuzuii."

Alimfuata. Mitwalli akafungua mlango, akaufunga nyuma yao, akawasha taa. Inayat alikaribia ukuta polepole. Aligusa hema moja, akamgusa hua, akasoma jina lake kwa kidole, herufi moja moja, kwa kuwa alijifunza kusoma ukubwani. Mitwalli alisikia pumzi yake ikikatika, naye moyo ukamjaa.

"Umependa?"

"Sijawahi kuona kizuri hivi," alisema Inayat.

"Alhamdulillahi. Na hakuna jicho litakalokifikia. Si mashine, si mtu."

Inayat aligeuka. Hakuwa na hasira, na hilo lilimtisha mumewe zaidi.

"Nimezaa, nimekamua, nimeoka mikate yako miaka thelathini na moja, na jina langu halikuandikwa popote. Nilikuwa Mama Wagdi tu. Mara moja maishani nimefanya jambo la kuandikwa ukutani, na wewe umeniandika umenifunika. Watu huficha deni, Mitwalli. Huficha aibu. Mimi ni ipi kati ya hizo?"

"Hajati, ni kwa usalama..."

"Siku utakayotaka waone, nipo kwa kaka yangu."

Alilifungua komeo mwenyewe, akatoka. Mitwalli akamfuata mpaka kizingitini. Alimwona anakwenda katikati ya mtaa, mgongo umenyooka, viatu vikivuta vumbi, na neno lilikuwa limeshamfika mdomoni, neno moja tu, la kumwita arudi, akae, na ukuta upakwe leo hii. Lakini kwenye benchi la jirani walikuwa wamekaa vijana watatu, simu mikononi. Mitwalli aliwatazama, akalimeza.