Kochi la Askofu

Shangazi yangu ni fundi cherehani na, kwa maneno yake mwenyewe, hana mali. "Hazina yangu iko mbinguni," husema kila Alhamisi alasiri, kikundi cha maombi kikikutana sebuleni kwake. Wenzake huitikia amina. Mimi nilikuwa nakohoa. Wote hukaa mkekani, kwa sababu lile kochi jekundu, alilolivika nailoni kwa mkono wake, lilikuwa linamsubiri askofu. Miaka saba. Askofu hajui hata nyumba ilipo.

Kikundini yumo mkunga mstaafu, bibi aliyewapokea duniani nusu ya watu wa mtaa, mimi nikiwa mmoja wao. Ndiye aliyemfundisha shangazi kuomba mwaka aliofiwa na mumewe, alipokuwa hawezi kumaliza sentensi bila kulia. Basi mkunga alipokosa Alhamisi tatu mfululizo, shangazi aliingiwa na hofu ya kumpoteza. Akakata shauri kwamba bibi wa watu amepoa kiroho. Akatangaza mfungo, tukashinda na njaa, kisha akanichukua twende kumrudisha kundini.

Tulimkuta kibarazani anachambua mboga huku akiimba pambio. Kwa mtu aliyepoa, sauti ilikuwa na moto.

"Mama, tumekuombea sana," shangazi alianza. "Shetani asikuibie imani."

"Imani ipo, mwanangu. Magoti ndiyo hayapo. Nikikaa kwenye mkeka wako, kuinuka mpaka niite watu. Nikaona niombee hapahapa, nisiwape kazi."

Shangazi aliyatazama magoti yale, kisha akaaga.

Alhamisi iliyofuata alichukua mkasi wake wa kazi, akaichana ile nailoni, kisha akanituma nimlete mkunga. Mkunga alipofika alisita.

"Hili si la askofu?"

"Askofu ana magoti mazima, mama. Kaa."

Wakati wa sala shangazi alifumba jicho moja; la pili lilikuwa zamu, linalinda kikombe cha chai mkononi mwa bibi. Chai ikamwagika hivyo hivyo. Shangazi akanyakua kitambaa, akafuta gauni la mkunga, kisha mikono yake, kisha sakafu. Kochi alilifuta mwisho, tena kwa nguvu, maana mtu haokoki mzima kwa siku moja.

Doa lipo mpaka leo. Mkunga hulikalia kila Alhamisi, na shangazi hukaa mkekani miguuni pake, akisema hana mali. Siku hizi naitikia amina.