Kigingi cha Kumi na Saba

Naanza na lile ninaloona aibu kulisema: nilijua. Siku niliyopima mtaro wa bomba la mtaa wetu, kigingi cha kumi na saba kilikataa kuingia ardhini. Nilikigonga mara tatu, kikaruka. Nikachokonoa kwa mtaimbo hatua kadhaa mbele na nyuma, mlio ukawa uleule. Chini ya udongo kulikuwa na mwamba. Nikakisimamisha kigingi kwa kukizungushia kokoto, nikaenda kwenye cha kumi na nane.

Mtaa wetu uko upande wa Bigwa, pale mlima unapoanza kupanda. Maji ya Uluguru hutupita ndani ya bomba kubwa kwenda mjini, na sisi tulikuwa tukiteremka bondeni na madumu. Mwaka jana manispaa ilitutengea fedha za mabomba, fundi na kioski kimoja cha maji. Mtaro tuchimbe wenyewe. Usipokuwa tayari Jumatatu waliyotaja, mabomba yangepelekwa mtaa mwingine uliokuwa ukisubiri.

Nilichaguliwa katibu wa kamati ya maji kwa sababu ya mwandiko wangu. Niliishia kidato cha nne. Wenzangu walipokwenda kusoma Mzumbe, mimi nilibaki nikiuza dukani na kujifundisha kwa simu: kina cha mtaro, mteremko wa bomba, namna ya kupata usawa kwa mpira mrefu wa plastiki uliojaa maji. Anayejifundisha mwenyewe huishi na hofu kwamba siku moja atatokea msomi amuulize, "Wewe nani alikufundisha?" Kwa hiyo nilifanya kila kitu mara mbili. Niligawa mtaro kwa kaya, kila moja mita sita kamili. Orodha niliiandika upya mara nne, mpaka haikuwa na herufi hata moja iliyofutwa. Ndipo nikaenda kupigilia vigingi, kimoja kwa kila kaya.

Kaya ya kumi na saba ilikuwa ya mama anayekaanga vitumbua njia panda. Hana kijana wa kumsaidia. Anaishi na mama yake mzazi, ambaye hatoki nje bila kushikwa mkono. Mita zake ni sita kama za wengine, nilijiambia. Haki ni haki.

Kazi ilikwenda vizuri. Kila mtu alichimba kipande chake kwa wakati wake. Yule mama alikuwa akija jioni, akishauza vitumbua. Aliposema kwake kuna jiwe, majirani walimjibu kwamba kila mtu ana mawe. Nilikuwepo. Nikainama kufunga kamba ya kiatu.

Alhamisi, siku nne kabla ya Jumatatu ile, mwenyekiti wa mtaa alituita tukague. Mtaro ulikuwa umekuja kutoka juu na kutoka chini, ukasimama pande zote mbili za kipande kimoja.

"Mama vitumbua," alisema kijana mmoja, mpiga debe wa stendi ya Msamvu, "wenzako tumemaliza. Wewe unachimba kwa mwiko?"

Watu wakacheka.

"Kwa mwiko, ndiyo," mama akajibu. "Na wewe kesho ukija kula kwangu, njoo na sururu."

Wakacheka zaidi, lakini mwenyekiti hakucheka. "Mama, hatutanii. Mtaa mzima ukose maji kwa mita sita?"

"Nimevunja mipini miwili, mwenyekiti. Labda mimi ni mvivu. Andikeni hivyo."

Mwenyekiti akanigeukia. "Katibu, andika. Kaya ya kumi na saba imekwamisha mradi."

Daftari lilikuwa wazi mkononi mwangu. Kalamu ilifika kwenye karatasi, ikabaki hapo.

"Mzee," nikasema, "hapo kuna mwamba. Nilijua tangu siku ya kupima."

"Ulijua vipi?"

"Kigingi kiligoma."

"Na hukusema?"

"Orodha nilikuwa nimeshaiandika."

Mpiga debe akanisogelea, akanitazama kama anavyomtazama abiria aliyepanda basi la kwenda siko. "Yaani uliogopa kufuta?"

"Niliogopa kufuta."

Nilitarajia matusi. Walicheka, na kicheko kile kiliniuma kuliko matusi. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa ananitazama.

"Mwanangu," alisema taratibu, "wiki mbili hizi nilidhani nimezeeka."

Nikalitazama daftari.

Mwenyekiti aligonga daftari langu kwa kidole. "Futa." Nikapiga mstari juu ya kaya ya kumi na saba, nikaandika pembeni: kipande cha mtaa mzima. Mstari ulikwenda upande.

Mpiga debe aliruka ndani ya mtaro, akagonga mwamba kwa kisigino. Kabla ya stendi aliwahi kuvunja kokoto. "Huu haupigwi," alisema. "Huu unapikwa. Leteni kuni."

Jumamosi tuliuwashia mwamba moto tangu asubuhi. Alasiri ulipokuwa umeshika joto barabara, tukayaondoa makaa na kuumwagia maji ya baridi kwa mkupuo. Maji hayo yalitoka bondeni, kichwani. "Sisi wenyewe tuna kiu, tunalinywesha jiwe!" alilalamika mwanamke mmoja, lakini alikwenda tena. Mimi nilipanda na madumu mpaka shingo ikakataa kugeuka. Mwamba ulilia mara moja, mlio mfupi kama wa kijiti kuvunjika, ukapasuka. Mitaimbo ikaingia. Jumapili tulitoa vipande.

Nilipopima kina, pale kwenye mwamba kilipungua kiganja kimoja. Nikapima tena. Jumatatu, mabomba yakiwa bado kwenye gari, nilimwambia fundi kabla hajaniuliza. Aliangalia, akasema atamwaga zege juu ya bomba kulilinda, akaendelea kufungua kamba. Hakuuliza nani alinifundisha.

Kioski kinatoa maji sasa, kwa mgao, na kiko mbele ya njia panda. Mama huchota pale maji ya kukorogea unga. Hajaniambia kama amenisamehe, nami sijapata ujasiri wa kumuuliza. Ila asubuhi nikienda kununua vitumbua, hanifungii kama anavyowafungia wengine. Huviweka kimoja kimoja juu ya gazeti, akihesabu kwa sauti ili foleni yote isikie.

"Sita kamili, katibu," husema. "Pima."