Ndama Chumbani kwa Mama

Daktari kule Haydom alimsikiliza mama kifua, mbele na nyuma, akauliza anapikia wapi, kisha akasema moshi ukiendelea kubaki ndani ya nyumba kikohozi nacho kitabaki. Mimi nilikuwa na maswali matano. Alijibu matatu, akaita mgonjwa mwingine.

"Umemchosha baba wa watu," mama aliniambia kwenye basi la kurudi Mbulu. Nilikuwa nimeshafungua daftari.

Nyumba yetu ni ya matofali ya kuchoma na bati, lakini chumba cha mama kilikuwa kimebaki kama alivyokizoea tangu aolewe. Mafiga matatu katikati, kitanda upande mmoja, na upande wa pili, nyuma ya kizuizi cha miti, ndama wawili. Kuta zilikuwa nyeusi kwa masizi hadi zinang'aa. Mwezi wa sita na wa saba huku kwetu juu, asubuhi unaiona pumzi yako ukiwa bado kitandani, kwa hiyo hakuna aliyewahi kufikiria kuutoa moto chumbani.

Mpango wangu ulijaa kurasa mbili. Jiko la matofali lenye bomba la kutoa moshi, lijengwe kwenye kona ya chumba. Ndama wahamie bandani. Kisha kukwangua masizi, kupiga plasta na kupaka rangi, ukuta mmoja kila wiki, kwa sababu mama alikataa kuhama hata siku moja. Kitanda kingesukumwa huku na huku.

Fundi alitoka Katesh kwa pikipiki, mabomba yamefungwa nyuma yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye umekuja kufukuza ndama wangu?"

"Mimi najenga jiko tu, mama. Wa kufukuza ni huyu msomi wako."

"Ndama ndio blanketi la chumba hiki," mama alisema, akinitazama mimi, si fundi.

"Nani amepima?" nikauliza.

"Mimi. Kwa mgongo."

Fundi alicheka hadi akaweka mwiko chini. Mimi sikucheka. Nilijua, au nilidhani ninajua, kwamba ndama walilazwa ndani enzi zile kwa sababu ya fisi na wezi wa mifugo. Fisi wamepungua, banda lina mlango na kufuli, basi sababu imekwisha. Haikunijia kwamba jambo moja linaweza kuwa na sababu mbili, na kwamba mimi nilikuwa nimeikuta ile inayosimuliwa tu.

Ndama wakatoka siku hiyohiyo. Jiko lilifanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia. Moshi ulipanda kwenye bomba, ukatoka juu ya bati, na mama akapika ugali bila kufuta machozi. Ukuta wa kwanza ulipokauka nikashauri rangi ya maziwa. Yeye alitaka bluu.

"Kitakuwa kama zahanati," nikamwambia.

"Zahanati watu wanapona."

Tukapaka bluu.

Wiki ya tatu, kuta mbili zikiwa zimekamilika, nilipeleka chai chumbani asubuhi nikakuta kitanda kimetandikwa, baridi kama hakikulaliwa. Mama aliingia akitokea uani. Shuka lake lilikuwa na nyasi kavu mgongoni, na alikuwa anakohoa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usiniulize."

Nikauliza. Alikuwa analala bandani na ndama, siku ya nne hiyo. Banda ni la mbao, na upepo unapita kila upenyo. Nilikuwa nimetoa moshi kifuani mwake nikaweka upepo.

Nilienda Katesh kununua kipimajoto, nikakitundika kwenye ukuta wa bluu, mama akahamia chumbani kwangu. Kwa siku nne nilikisoma kabla ya ng'ombe kukamuliwa: nyuzi kumi na moja, kumi na mbili, kumi na moja, kumi na moja. Jiko lilizimika mara baada ya ugali, na joto lake lilifuata moshi nje. Kisha nikawarudisha ndama wote wawili nyuma ya kizuizi, jiko likiwa baridi kabisa. Kumi na sita. Nikarudia, nikidhani nimesoma vibaya. Kumi na sita tena.

"Kinasemaje?" mama aliuliza mlangoni.

"Kinasema kama mgongo wako."

"Ungeuamini mgongo usingeenda Katesh."

Ila sikutaka tu kurudi nyuma. Hewa ya mkojo wa ndama nayo sikuiamini, na hilo niliandika nimuulize daktari. Fundi aliporudi tulibomoa sehemu ya ukuta wa nne, ule ambao haujapakwa. Nje yake akajenga kibanda kidogo cha matofali kwa ndama, chenye sakafu ya kuteremka ili mkojo utoke, na mlango wake uani. Pale tulipobomoa akajenga upya, akaacha matundu sita juu ya usawa wa kitanda, joto la ndama lipite. Jiko likabaki. Kipimajoto kikasoma kumi na tano. Nyuzi moja nilikuwa tayari kuipoteza. Mama, bila kuuliza kinasemaje, alisukuma kitanda mwenyewe hadi chini ya matundu na kutandika.

Tuliporudi Haydom daktari alisikiliza tena, mbele na nyuma, na kusema kifua kimepungua kelele. Nikatoa swali langu la mkojo wa ndama. Akamgeukia mama.

"Unalala na ndama, mama?"

"Kuna ukuta," mama alisema.

Daktari alifikiri kidogo, akasema tufagie kila siku na matundu yasizibwe. Nikaandika.

Ukuta wa nne haujapakwa hadi leo. Upande wa ndama wanalamba plasta, na upande wa chumbani mama anasema rangi isubiri, asije fundi akaziba matundu kwa bahati mbaya. Nilimuuliza fundi angezibaje tundu kwa brashi. Mama alisema nisianze.